Chapa za Ubao Kutoka Dodoma: Tathmini ya Karakana Moja na Kazi Zake

Mkazi wa Dodoma anayetafuta picha ya kutundika sebuleni au ofisini kwa kawaida huishia kwenye picha ya mtindo wa tingatinga, ya rangi kali, iliyoletwa kutoka Dar es Salaam, au kwenye picha ya twiga na mlima Kilimanjaro iliyochapwa kwa mashine juu ya turubai, na picha hizo, hata zikiwa nzuri, hazina neno la kusema kuhusu mahali zinapotundikwa. Karakana ndogo ya msanii wa kuchapa picha iliyoko upande wa mashariki wa jiji, nyuma ya duka la mbao kando ya barabara iendayo Morogoro, inauza kitu tofauti: chapa zinazochongwa kwenye ubao na linoleamu (zulia laini la sakafuni linalochongeka kirahisi), karibu zote zikiihusu Dodoma yenyewe, yaani ardhi yake, nyumba zilizokuwapo kabla ya wizara kuhamia, na swali la nani anaweza kusema kwamba ni wa hapa. Nimenunua kazi zake kwa fedha yangu na nyingine nimezikagua kwa utulivu. Sijapewa punguzo wala zawadi. Kwa maoni yangu, kazi zake bora ni zile ambazo mbinu ya kuchonga na kuchapa ndiyo inayobeba kumbukumbu, na kazi zake dhaifu ni zile anazoazima alama za kale akitumaini kwamba alama hizo zitamsaidia kubeba mzigo.

Kwa asiyewahi kununua chapa, kuna jambo linalostahili kuelezwa mapema, kwa kuwa ndilo linalozua ubishi mlangoni pa karakana hii. Mteja akiambiwa kwamba picha aliyoishika ina wenzake 19, huuliza kwa nini atozwe bei ya kazi halisi kwa kitu anachokiona kuwa ni fotokopi. Ukweli ni kwamba hakuna picha nyingine iliyofichwa mahali ambayo hizi 20 zimenakiliwa. Msanii huchora huku amegeuza kulia kuwa kushoto, huchonga kwa patasi ndogo sehemu zitakazobaki nyeupe, hupitisha rola yenye wino juu ya sehemu zilizobaki zimeinuka, hulaza karatasi, kisha husugua mgongo wa karatasi hiyo kwa mwiko wa mbao mpaka wino ushike. Na kazi ya kupaka, kulaza na kusugua hurudiwa upya kwa kila karatasi. Kwa hiyo karatasi mbili za toleo moja hazilingani kabisa, na kila moja huandikwa kwa penseli chini ya picha, upande wa kushoto namba kama 7/20, yaani karatasi ya saba katika toleo la karatasi 20, na upande wa kulia sahihi ya aliyechapa. Chapa inayouzwa bila namba wala sahihi inastahili kuulizwa maswali kabla ya mtu kutoa pesa. Hapa namba zipo, na daftari la matoleo linaloonyesha karatasi zilizokwisha kuuzwa lipo pia. Mteja akiomba kuliona huonyeshwa bila kusitasita.

Sanaa hii si ngeni nchini, kwani Nyumba ya Sanaa, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1972, ilikuwa na wasanii waliochapa picha sambamba na wachoraji na wachongaji. Kuifanya Dodoma, hata hivyo, kuna shida zake ambazo mtu wa pwani hazifahamu. Hewa ya hapa ni kavu kwa sehemu kubwa ya mwaka, mvua zikija Desemba na kwisha karibu na Aprili, na wakati wa kiangazi wino wa maji hukauka juu ya ubao kabla karatasi haijalazwa, huku karatasi iliyoloweshwa kidogo ili ipokee wino ikianza kujikunja pembeni. Msanii huyu ameacha wino wa maji na kuhamia wino wa mafuta, na katika miezi ya upepo huchapa alfajiri, vumbi likiwa bado limetulia. Pamoja na tahadhari hiyo, kwenye baadhi ya karatasi utaona vitone vidogo vyeupe ndani ya weusi, mahali punje ya vumbi ilipokaa kati ya ubao na karatasi. Katika kazi kubwa karatasi za namna hiyo huondolewa kwenye toleo. Katika kazi ndogo huachwa na kuuzwa kwa bei ileile, jambo ambalo sikubaliani nalo. Vumbi la Dodoma ni sehemu ya habari anayoisimulia, hilo nalielewa, lakini mnunuzi angepaswa kuelezwa kabla ya kulipa, asije kukigundua kitone hicho akiwa nyumbani kwake.

Kazi iliyonifanya niandike tathmini hii ni mfululizo wa chapa sita za rangi zinazoonyesha tembe moja. Tembe, kwa msomaji wa mbali, ni nyumba ya Wagogo yenye paa bapa la udongo lililobebwa na boriti na fito, kuta za miti iliyokandikwa, na vyumba vilivyopangwa kuuzunguka ua ambamo ng'ombe hulala. Nyumba za aina hii zilikuwa nyingi Ugogo kabla ya operesheni za kuwahamishia watu vijijini mwanzoni mwa miaka ya 1970, na leo ndani ya mipaka ya jiji zimebaki chache sana. Msanii anayechora tembe kwa majonzi angekuwa mmoja kati ya wengi. Kinachoutofautisha mfululizo huu ni namna ulivyotengenezwa.

Chapa zote sita zimefanywa kwa ubao unaopunguzwa. Katika njia hii hakuna mbao nyingi kwa rangi nyingi. Ubao ni mmoja tu: rangi iliyo nyepesi kuliko zote huchapwa kwanza kwenye karatasi zote za toleo, kisha msanii huurudia ubao huohuo na kuchonga sehemu zitakazobaki na rangi hiyo, huchapa rangi inayofuata juu yake, huchonga tena, na kuendelea hivyo mpaka rangi nzito ya mwisho. Kila rangi inayoongezeka karatasini inalipiwa kwa sehemu ya ubao inayoondolewa milele. Asiyechapa karatasi za kutosha tangu mwanzo hawezi kurudi nyuma kuongeza nyingine, na aliyekosea katika rangi ya nne amepoteza toleo zima. Mwishoni ubao umebaki na vipande vichache vilivyoinuka ambavyo peke yake havieleweki ni vya nini.

Ukizitazama chapa hizi ukijua hayo, unaona kwamba tembe imejengeka karatasini kwa kadiri ilivyokuwa ikitoweka kwenye ubao. Mwanzo ni rangi ya udongo mkavu iliyofunika karatasi nzima; juu yake wekundu wa ukuta; kisha kahawia ya boriti; kisha kivuli cha mlango, ambacho ni cheusi na ndicho kitu cha mwisho kilichosalia mbaoni. Sijaona sanaa nyingine jijini humu iliyoeleza kwa usahihi kama huo kile kilichoipata ardhi ya pembezoni mwa Dodoma tangu TANU, chama tawala cha wakati huo, ilipoamua mwaka 1973 kwamba makao makuu yahamie hapa, na hasa tangu serikali ilipoanza kuhamia kwa vitendo baada ya tamko la mwaka 2016: mji unajengwa kwa kutumia mahali palepale panapoondolewa. Msanii hakuandika maelezo yoyote ya siasa pembeni, wala hakuhitaji. Kuna watu waliolipwa fidia wakajenga nyumba za bati na matofali na wakafurahi, na kuna ambao hawakufurahi. Chapa hizi haziwasemei wala hawa wala wale, na kwa kunyamaza hivyo zimepata heshima yangu.

Hazikufanikiwa zote kwa kiwango kimoja. Ya tatu ina rangi nyingi mno, na kwenye karatasi niliyoikagua rangi ya boriti imesogea kidogo kutoka mahali pake, hivyo ukingo wa paa unaonekana kama una kivuli cha bahati mbaya. Ya tano, inayoonyesha ua mtupu bila ng'ombe wala mtu, ndiyo bora kuliko zote: rangi ni tatu tu, na sehemu kubwa ya karatasi imeachwa na ule udongo wa mwanzo. Kama fedha inatosha chapa moja tu ya rangi, ninapendekeza hiyo.

Kwa fedha pungufu zipo chapa nyeusi na nyeupe za linoleamu, ndogo kama ukurasa wa daftari, ambazo mimi binafsi nazipenda karibu sawa na zile za rangi. Zinaonyesha vitu ambavyo kila aliyewahi kununua kiwanja Dodoma anavijua: bikoni ya zege, yaani alama ya mpaka wa kiwanja, iliyosimama katikati ya shamba la uwele, kamba ya mpimaji ikikatiza kichuguu, ukuta wenye alama ya X nyekundu, ambayo hapa imechapwa nyeusi na kwa sababu hiyo inatisha zaidi. Alama ya X ukutani, kwamba jengo litabomolewa, ni ujumbe ambao Mtanzania yeyote anausoma bila kufundishwa, na kuichukua ikawa picha ya kutundikwa kwenye ukuta mwingine ni uamuzi wenye ujasiri na kejeli kidogo. Rafiki yangu mmoja aliikataa katakata isiingie nyumbani kwake, akidai kwamba hawezi kujitabiria mabaya, nami sikumlaumu.

Katika baadhi ya chapa za bikoni kuna maandishi: namba ya kiwanja, herufi za kitalu, na katika moja sentensi nzima ya Kigogo ambayo msanii ananisimulia kuwa bibi yake alikuwa akiitamka wanapovuka mpaka wa shamba la jirani. Maandishi kwenye chapa ni kazi ngumu, kwa kuwa kila herufi lazima ichongwe kinyume ili itoke sawa. John Muafangejo wa Namibia, aliyefariki mwaka 1987, aliyatumia maandishi ndani ya chapa zake za linoleamu kwa ustadi mkubwa, yakiwa sehemu ya picha na wakati huohuo ushuhuda wa mtu aliyekuwapo, na ninaona dhahiri kwamba msanii wetu ameziangalia kazi za aina hiyo kwa makini. Tofauti ni kwamba herufi za huyu bado zina woga. Zimejibana chini ya picha badala ya kuingia ndani yake. Ningependa kumwona akiyapa maneno ya bibi yake nafasi kubwa kuliko anayoipa namba ya kiwanja.

Zipo pia chapa za reli, ambazo wanunuzi wengi huzikimbilia. Reli ya kati, iliyoanza kujengwa na Wajerumani kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, ndiyo iliyoifanya Dodoma kuwa mji, na treni ya umeme ya reli mpya iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024 imeirudisha reli midomoni mwa watu. Msanii ameweka reli hizo mbili kwenye karatasi moja, ya zamani chini na mpya juu. Ni kazi safi, iliyochongwa kwa mkono usiotetemeka, lakini inasema jambo ambalo kila mtu analijua kabla ya kuitazama. Chapa ya wanawake wa muheme, ngoma ya Wagogo, wakiwa wamebana ngoma mapajani ni hai zaidi, ingawa nayo ni picha ambayo tumeizoea kwenye kalenda.

Udhaifu mkubwa uko kwenye chapa zinazotokana na michoro ya miambani ya Kondoa. Michoro hiyo iliyoko Kolo na maeneo jirani, kaskazini kwetu kwenye barabara iendayo Babati, iliingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, na mapango na vibanda vya miamba vyenye michoro vinazidi 150. Mwanaakiolojia Mary Leakey aliinakili kwa mkono mingi kati yake mwaka 1951, na anayetazama nakala za namna hiyo huona mara moja kwamba uzuri wa watu wale warefu wembamba na wanyama wale uko kwenye mistari myembamba ya rangi nyekundu iliyochorwa kwa wepesi juu ya mwamba usio sawa. Patasi haina wepesi huo. Katika chapa hizi mistari imenenepa, wekundu umekuwa weusi, mwamba umekuwa karatasi nyeupe, na kilichobaki ni mapambo ambayo yangeweza kuwekwa kwenye fulana au kikombe cha chai bila kupoteza chochote.

Kuna tatizo jingine zito kuliko la mstari. Msanii, ambaye ni Mgogo na hujitambulisha hivyo kwa fahari, ameambatanisha chapa hizo na maelezo yanayoita michoro hiyo kazi ya mababu zake. Watafiti huihusisha michoro ile ya kale yenye rangi nyekundu na jamii za wawindaji na wakusanyaji waliokaa eneo hilo muda mrefu kabla ya wakulima na wafugaji, na Wasandawe wa Kondoa na Chemba ndio wanaotajwa mara nyingi kuwa na uhusiano wa karibu nayo. Tena baadhi ya maeneo hayo, kama Mungumi wa Kolo, bado yanatumika kwa matambiko, kwa hiyo wenyewe wapo na wana sauti. Simzuii Mgogo kuvutiwa na michoro ya Kondoa. Sisi sote wa mikoa ya kati tumekua tukisikia habari zake, na msanii ana haki ya kuchota popote. Lakini mtu aliyeonyesha katika tembe na bikoni kwamba anajua tofauti kati ya kilicho chake na alichochukuliwa hakupaswa kuwa mzembe hivi na kilicho cha wengine. Naelewa kwamba chapa hizo ndizo zinazonunuliwa zaidi na wageni, na kodi ya chumba lazima ilipwe.

Kuhusu utambulisho, kuna kazi moja inayojaribu kulikabili suala hilo ana kwa ana: uso wa mama yake msanii, uliochapwa mara tano mfululizo kutoka kwenye ubao mmoja bila kuongeza wino, kiasi kwamba karatasi ya kwanza ni nyeusi kabisa na ya tano haionyeshi ila kivuli cha kilemba na shavu. Karatasi zote tano zinauzwa kwa pamoja. Mbinu ni sahihi na uso umechongwa kwa upendo unaoonekana, hasa mikunjo ya macho, lakini mtazamaji hulimaliza wazo katika karatasi ya pili na zile tatu zinazofuata zinamsubirisha bure. Karatasi ya kwanza ingetosha kuuzwa peke yake, na nimemwambia hivyo, alicheka, akaniambia, "Mzee wangu, mama amekataa kutenganishwa."

Sasa kuhusu huduma. Chapa ndogo za linoleamu zinauzwa kwa shilingi 70,000, na za ubao unaopunguzwa zinaanzia shilingi 280,000 bila fremu. Kwa kazi inayochukua wiki kadhaa na isiyoweza kurudiwa, bei ya pili naiona ni ya haki, tena ya upole. Bei ya kwanza inahitaji swali moja kutoka kwa mnunuzi: karatasi ni ipi? Baadhi ya chapa ndogo ziko kwenye karatasi ya pamba, ambayo hudumu miaka mingi bila kubadilika, na nyingine ziko kwenye manila ya kawaida ya dukani, ambayo hugeuka njano na kukakamaa. Kwa macho ya haraka zinafanana, na bei ni moja. Gusa ukingo wa karatasi: ya pamba ni laini na nene kidogo, ya manila ina mng'ao. Chagua ya pamba.

Fremu usiagize hapo. Hutengenezwa na seremala wa jirani, ni za mninga na zimeungwa vizuri, lakini chapa hubandikwa kwa gundi mgongo mzima kwenye kadibodi, na chapa iliyobandikwa hivyo haiwezi kubanduliwa tena bila kuchanika. Omba uuziwe karatasi iliyolazwa bapa kati ya makadibodi mawili, kisha umpelekee fundi fremu utakayemsimamia mwenyewe, umwambie aishike karatasi kwa utepe wa karatasi kwenye ukingo wa juu tu na aache nafasi kati ya chapa na kioo. Nyumbani, usiitundike kwenye ukuta unaopigwa na jua la alasiri; wino mweusi utavumilia, ila ule wekundu wa udongo utafifia.

Malipo hupokelewa kwa simu au taslimu. Kwa ofisi za Mtumba, kwenye mji wa serikali, zinazotaka kununua kwa ajili ya kuta zao, na zipo kuta nyingi tupu kule, ni vyema kujua kwamba karakana haina mashine ya EFD, ile ya kutoa risiti za kodi, na risiti inayotolewa ni ya kuandika kwa mkono. Afisa manunuzi ataikataa. Msanii anasema yuko njiani kulishughulikia jambo hilo. Mpaka hapo, wanunuzi wake watabaki kuwa watu binafsi, na matoleo mawili ya bikoni yameshafika karatasi za mwisho.